Mkwe Hapandi Mwamba wa Mugeta

Ndugu zangu wa chumba cha walimu, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu kwamba tulienda salama na tukarudi salama. Hilo lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kuulizwa tena. Sasa nimetulia. Naandika yote kwa mkupuo mmoja ili mwenye kucheka acheke akiwa kwake, asije kunichekea mezani.

Kwanza mjue kwamba safari nzima nilikuwa na wivu. Sisemi ule wa kutaniana. Nasema wivu wenyewe, unaokaa hapa kwenye chembe cha moyo ukakunyima hamu ya kula. Mke wangu Wakuru mnamfahamu, anafundisha historia. Miaka yote amewasimulia wanafunzi habari za michoro ya mapangoni, piramidi, makanisa ya Ethiopia yaliyochongwa ndani ya mwamba na misikiti ya Kilwa. Lakini moyoni ana mwamba mmoja tu, wa ukoo wao kule Mugeta, wenye michoro aliyoiona utotoni akiokota kuni. Alimwandikia Dokta Kizito, mtaalamu wa sanaa na majengo ya kale anayefundisha chuo kikuu Dar es Salaam, na Dokta akakubali kuja. Akiiona michoro kwa macho yake na kuridhika, angemchukua Wakuru asome shahada ya uzamili chini yake. Asipoiona, basi, ndoto imekwisha.

Mwenye kauli juu ya mwamba ule ni shangazi yake Wakuru, dada wa marehemu baba yake. Tulipofunga ndoa Musoma, Shangazi alikuwa mgonjwa, hakuja. Kila mwaka nilisema tutakwenda kumsalimia, kila mwaka kukawa na mitihani ya kusahihisha. Kwa hiyo bibi yule hakuwahi kunitia machoni, na hilo ndilo lililotuponza.

Musoma hadi Nyegina

Nilitegemea Dokta awe mzee mwenye kipara na miwani yenye kamba. Katika nyumba ya wageni akatoka mwanamume wa makamo, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na marashi yake yakanifikia kabla yake. "Mwalimu Magesa!" akanishika mkono kwa mikono miwili. Adabu anayo. Angekuwa na kiburi ningemchukia bila shida, lakini huyu alinipa kazi.

Tulipitia Mwigobero, pale wanaposhushia samaki, kupata kifungua kinywa. Sato wa kukaanga, ugali wa muhogo, pilipili pembeni. Dokta akasema kwa aibu kwamba miiba humshinda. Basi Wakuru akavuta sahani ya mgeni, akaanza kumtolea miiba, mmoja mmoja, huku anacheka. Mimi tangu tuoane natoa miiba mwenyewe. Nilimaliza samaki wangu bila kujua ladha yake.

Gari lilikuwa Noah ya kaka yangu. Wakuru alikaa nyuma na Dokta ili wafungue vitabu vyao. Kiti cha mbele, kando yangu, kikakaliwa na chupa ya chai. Nikaendesha nikiwatazama kwenye kioo.

"Unajua, Wakuru," Dokta alisema, "kuna mapango ambayo michoro iko ndani kabisa, gizani, mahali ambapo hakuna aliyelala wala kupika."

"Sasa walimchorea nani?"

"Ndilo swali lenyewe."

Kisha wakanyamaza pamoja. Mliooa mnanielewa. Watu wawili kuzungumza si kitu, kunyamaza pamoja ndiko kunakotisha. Nikapiga honi, na barabarani hapakuwa na mtu wala mbuzi.

Nyegina Dokta aliomba tusimame misheni, apige picha majengo ya zamani. Akasimama chini ya tao la mlango, akaeleza jinsi Warumi walivyojenga matao ya nusu duara, na jinsi mafundi wa Ulaya wa zama za kati walivyokuja kuyatia ncha, makanisa yao yakapanda juu kuliko miti. Wakuru akauliza kwa nini ncha. Dokta akaanza habari za watu kuitazama mbingu.

"Ni kani tu," nikasema. Wote wakageuka. Fizikia nimeifundisha miaka mingi, siku hiyo ilinifaa. Nikawaonyesha kwa viganja viwili jinsi tao la duara linavyozisukuma kuta kwenda nje, na jinsi lenye ncha linavyoteremsha uzito zaidi kuelekea chini, ndiyo maana ukuta unaweza kuwa mwembamba ukatobolewa madirisha makubwa. Wakuru alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi. Nikajisikia mwepesi. Halafu Dokta akatoa kalamu, akaandika maneno yangu, akasema, "Mwalimu, umelieleza vizuri kuliko mimi, nitalitumia darasani." Wakuru akamtazama yeye, kwa ule ukarimu wake. Hata ushindi wangu ukawa zawadi aliyonipa Dokta.

Butiama

Butiama tulifika mchana, tukaingia kwenye mgahawa wa mama mmoja anayepika kichuri. Nakiri niliuchagua makusudi. Mchuzi ule wa nyama na nyongo, mtu asiyeuzoea huuweka mdomoni mara moja akatafuta maji. Nikamwagizia Dokta bakuli kubwa, nikakaa kusubiri.

Akanywa. Akafumba macho. "Uchungu wake mzuri," akasema, na akaomba aongezwe. Mama mwenye mgahawa alifurahi mpaka akamletea nyama ya ziada ambayo hakuiagiza. Mimi niliyezaliwa mkoa huu sikuongezewa hata chumvi.

Wakala huku wakizungumzia majabali ya Butiama yanayoonekana kila upande, moja juu ya jingine. Dokta alisema kusini mwa Afrika watu walijenga kuta ndefu za mawe matupu bila udongo wa kushikisha, na kuta hizo bado zimesimama. Wakuru akasema chini ya mwamba wao kuna ukuta wa namna hiyo, umebaki kipande. Nikauliza, "Mbona mimi hujawahi kuniambia kuna ukuta?"

"Hujawahi kuuliza," akajibu, na akarudi kwenye kichuri chake.

Buhemba

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na tulipoiacha barabara nzuri gari likazama kwenye tope, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure. Nikashuka. Dokta naye akaanza kukunja suruali ashuke, lakini Wakuru akamzuia: "Dokta, kaa tu, utachafua shati." Shati! Mimi la kwangu lilikuwa jeupe asubuhi ile. Nikasukuma, tope likanirukia kuanzia viatuni mpaka kwenye nyusi.

Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wanapita wakatusaidia, tukatoka. Tungekuwa tumeondoka mara moja, ila Dokta aliona jiwe kando ya njia, akalipenda, akatoa kioo chake cha kukuzia akaliangalia. Kosa. Pale Buhemba mtu mwenye shati safi anayeangalia jiwe kwa kioo ni mnunuzi wa dhahabu, hana kazi nyingine. Wakamzunguka. Kila mmoja akatoa jiwe mfukoni.

"Bosi, angalia na hili."

"Mimi natafuta michoro ya kale," Dokta akawaambia.

"Sawa bosi, ila angalia na hili."

Akayaangalia yote, moja baada ya jingine, na kila mwenye jiwe akapewa maelezo yake kwa upole. Akawasimulia jinsi dhahabu ya bara ilivyokwenda Kilwa zamani, na jinsi utajiri wa biashara ile ulivyojenga msikiti wenye kuba nyingi na jumba la mfalme juu ya bahari. Watu waliokuja kuuza mawe wakakaa chini kusikiliza. Wakuru alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani, anatabasamu. Jua likasogea. Mimi nilikuwa nakwangua tope kwenye magoti kwa kijiti, na roho inaniuma.

Mugeta

Tulipofika kwa Shangazi, fikirieni alichokiona yeye. Mlango wa nyuma unafunguka, anashuka mtoto wa kaka yake, na nyuma yake mwanamume nadhifu amembebea mkoba. Mlango wa mbele unafunguka, anashuka mtu aliyepakwa tope. Alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba Wakuru anakuja na mume wake na mtu mwingine. Nani ni nani, akajijazia mwenyewe.

Huko kwao mkwe huogopwa. Mama mkwe na shangazi wa mke hawakai naye uso kwa uso, hawali naye, na wakikutana naye njiani hupisha pembeni. Shangazi alipomwona Dokta alivuta kanga akafunika uso, akampa mgongo. Dokta akaonyeshwa kiti peke yake, mbali, kwenye kivuli cha ghala la mtama, na akainamisha kichwa kwa shukrani akidhani hiyo ndiyo heshima ya wasomi. Mimi Shangazi alinishika mkono, akanitazama usoni bila wasiwasi wowote, akasema, "Dereva, njoo ukae hapa na mimi. Pole, umechokaga sana na hizi barabara zetu."

Ningesema palepale. Lakini Wakuru alikuwa amekwishaingia ndani na sukari na vitenge tulivyoleta, na mimi kwa hasira nikakaa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumia kwa kutogeuziwa mgongo.

"Yule mkwe wangu naona ana heshima," Shangazi akaninong'oneza, anaelekeza kidevu kwa Dokta. "Wewe unawaendeshaga siku zote?"

"Siku nyingi, Mama."

"Niambie ukweli. Anampendaga mwanangu?"

Nilimtazama Dokta pale kivulini, anafuta kioo chake kwa leso. "Anampenda," nikasema. "Ila ana wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa kila kitu, Mama. Hata wa samaki."

Shangazi akatikisa kichwa. "Ni kwa sababu hajagi huku. Mwanamume akikaa mbali na wakwe zake anajionaga mgeni hata kwa mke wake mwenyewe."

Wakati huo Nyamisi, mke wa mtoto wa Shangazi, akaleta chakula. Mimi na Shangazi tukapewa sahani moja ya ugali wa mtama na shingo ya kuku. Dokta akapelekewa sahani yake, na juu kabisa, peke yake, imewekwa firigisi. Firigisi, jamani. Mnajua ni ya nani. Dokta akaitia mdomoni, akanipungia mkono kwa mbali kuonyesha ni tamu.

Wakuru akatoka ndani palepale. Aliiona sahani ya Dokta. Akaniona mimi na shingo yangu. Nikajua ameelewa yote, na nikangoja aseme. Akakaa na Nyamisi, akaanza kula.

Tulipomaliza, Shangazi akatoa amri zake kwangu kwa sauti ya chini. Juu ya mwamba ni chumbani kwa wazee wao, alisema, na mkwe haingiagi chumbani kwa wakwe. Yule mume akae hapohapo kivulini. "Wewe dereva hukuoa kwetu. Wewe unapanda tu. Nenda ukamshikie mwanangu mkoba."

Ndugu zangu, nilipoelewa maana ya maneno yale nilitaka kucheka. Aliyetoka Dar es Salaam kuiona michoro atabaki chini na kuku, na mimi nitapanda na mke wangu, wawili tu. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo. Dokta akaja mbio kuniuliza, "Mwalimu, mbona wanasema mimi nisipande? Kuna tatizo gani?"

"Mila za huku, Dokta," nikamwambia. "Hazibishiwi."

Uso wake ulimshuka kabisa. Ndiyo, nilifurahi.

Tukapanda. Wakuru mbele, mimi nyuma na mkoba. Mwamba una njia nyembamba kati ya majabali, unashika mizizi unajivuta. Tulipofika mahali ambapo, kwa maelezo yake, ukikunja kona moja tu unaiona michoro, alisimama akanigeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Magesa, ukikunja hapo utaona. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nimekwishaona. Anayetakiwa kuona yuko chini."

"Ulikuwepo. Mbona hukumwambia Shangazi ukweli?"

"Nimwambie nini? Nimkute mume wangu amekaa anakula, amekubali kuitwa dereva, halafu mimi ndiye niwatangazie watu kwamba huyu ni mume? Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nimesubiri tangu nilipoiona ile firigisi."

Nikatazama chini. Dokta alikuwa bado kivulini, amekaa wima kwenye kiti cha mkwe, na Shangazi amempa mgongo, uzuri kabisa, kama inavyotakiwa. Nilielewa hesabu ya mambo. Nikisema mimi ndiye mume, nateremka na kubaki chini, na mke wangu anapanda na yule bwana, wananyamaza pamoja huko juu mimi nisione. Nikinyamaza, mwamba ni wangu, na kwa Shangazi mwenye mke ni Dokta. Na Wakuru anarudi Musoma na vitabu vyake vilivyofungwa.

Nikampa mkoba. Nikashuka mbio, nusura nivunjike mguu.

"Shangazi," nikasema, nimesimama mbele yake na tope langu, "mimi ndiye Magesa. Mimi ndiye mkwe wako. Yule ni mgeni."

Sijapata kuona kanga inavutwa kwa kasi ile. "Mama yangu! Nimekaa naye uso kwa uso! Nimekula naye sahani moja!" Akakimbilia ndani akafunga mlango. Nyamisi alicheka mpaka akakaa chini. Kutoka nyuma ya mlango zikaanza kutoka amri, na zote zilipitia kwa Nyamisi, kwangu hazikuja moja kwa moja tena. Mwambie mkwe ataleta mbuzi wa kuondoa aibu. Mwambie mkwe akae kivulini. Mwambie yule mgeni arudishe firigisi.

"Ameshaila, Mama," Nyamisi akajibu.

Kisha: "Chinja kuku mwingine."

Basi kuku wa pili akachinjwa siku ile kwa ajili ya firigisi tu. Dokta, alipoelezwa mambo yalivyokuwa, aliniomba radhi mara nyingi, kana kwamba alikuwa ameniibia. Sikumjibu kuhusu zile mila nilizomwambia hazibishiwi. Akapanda na Wakuru. Mimi nikabaki.

Sikukaa kwenye kiti. Nilikwenda kwenye kile kipande cha ukuta chini ya mwamba, kwa sababu ukuta haukatazwi. Mawe matupu, yamepangwa kubwa kwa dogo, kila moja limeegemea wenzake. Nikalisukuma moja kwa bega, halikutikisika. Nikala firigisi yangu nimeuegemea. Huko juu nilimsikia Wakuru akipaza sauti ya furaha, kisha Dokta akisema kitu, kisha kimya, kimya kirefu cha watu wawili. Wivu ulinirudia wote. Firigisi ilikuwa tamu na sikuweza kuimeza haraka.

Waliposhuka, Dokta macho yalikuwa mekundu. "Wakuru," alisema mbele yetu sote, "anza kujiandaa kuja kusoma." Wakuru akashika mdomo kwa mikono miwili. Dokta, kwa wema wake, akaja kwangu na kamera. "Mwalimu, angalau uone kwenye picha, kuna moja nyeupe ina—"

"Asione!" Shangazi akapiga kelele kutoka nyuma ya mlango.

Nikageuza uso.

Bunda, na kurudi Musoma

Bunda tulimpakia Dokta basi la Mwanza. Aliniaga kwa mikono miwili tena. Nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi ya basi, nikahakikisha ameketi, na nikahakikisha basi limeondoka.

Wakuru akaihamisha chupa ya chai, akakaa mbele. Tulikula mahindi ya kuchoma njia nzima. Alizungumza habari za Dar es Salaam, masomo, mahali atakapopanga chumba, na kila alipotaja jina la Dokta nilikanyaga mafuta kidogo. Nilimuuliza michoro ikoje. Akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. "Siwezi," akasema. "Wewe ni mkwe." Akaweka simu chini ya paja lake.

Amekwishaondoka sasa, mnajua. Bado nina wivu, na nikisikia simu yake inatumika usiku wivu unaongezeka. Mbuzi wa Shangazi nimempeleka mwenyewe, na akapokewa na mtu aliyenipa mgongo. Kabla ya kusafiri, Wakuru alibandika picha kubwa za michoro ile kwenye ukuta wa chumba chetu cha walimu, na ninyi nyote mmesimama mbele yake mkishangaa, hata mwalimu wa michezo anayeishangaa mipira tu. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini nimehamisha meza yangu, nikakaa nimeupa ukuta ule mgongo, naangalia dirishani. Msinionyeshe, wala msinisimulie kuna nini. Mimi pale nimeoa.